TIENI MKONO CHINI YA RUNDO: NYUMBA ZA KUTIBU UNGA NAZO ZIPIMWE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nitaandika kwa urefu, na najua wapo watakaonikasirikia, wakiwemo masheikh wenzangu. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika kitu chini. Ukiona nimekosea, nisahihishe kwa dalili.

Mimi ni mtoto wa Pemba, nimekulia kwenye karafuu. Anayeijua kazi hiyo anaijua hila moja ya kizamani. Mtu huanika karafuu zake juu juu, zilizokauka akaziweka mdomoni mwa gunia, mbichi akazizika chini, kisha akalipeleka gunia kituoni. Mpimaji mzembe hutazama juu akaandika daraja la kwanza. Anayeijua kazi yake huzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Na hili kwetu si geni. Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka. Hakuridhika na alichokiona juu. Akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kuwa ilinyeshewa na mvua. Akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Hadithi hii imo ndani ya Sahih Muslim, na tunaihubiri kila mwaka kwa wauza mchele na wauza samaki. Mimi leo nataka niwasomee wenye nyumba za kuwatibu vijana wetu unga, na sisi tunaowachangia. Na nitaanza na nafsi yangu, maana dhambi yangu imo humu.

KIJANA NILIYEMWOSHA

Miaka michache nyuma walikuja msikitini kwangu watu wa soba hausi moja. Walikuwa na adabu, na walikuwa na video. Ndani ya video kijana wa mtaani kwetu, ambaye sote tulimjua alivyokuwa akilala chini ya ukuta wa skuli, amevaa kanzu nyeupe anasoma Qur'an, mama yake analia, watu wanaleta takbir. Wakasema wameshawaponya vijana wengi. Sikuuliza wengi ni wangapi. Baada ya sala ya Ijumaa nikasimama, nikawasifu, nikawaombea mchango. Siku ile zilipatikana fedha nzuri.

Katika walionisikia alikuwepo bi mmoja jirani, muuza mikate ya mofa. Mwanawe wa pekee alikuwa mla unga. Akauza mkufu wake, akampeleka kijana palepale nilipopasifu mimi. Kijana akakaa miezi mitatu. Akatoka kwa sherehe na cheti. Picha yake ikazunguka kwenye simu zetu zote, nami nikaituma kwa watu.

Siku ya tisa tangu atoke, alikutwa amekufa chooni, sindano iko pembeni.

Mimi ndiye niliyemwosha. Nilipotoka kumwosha, mama yake alinishika mkono akaniuliza maneno ambayo mpaka leo nikisimama kwenye mimbari nayasikia: "Sheikh, si walisema kapona?"

Baada ya siku saba niliipigia simu ile nyumba. Nikauliza kama walijua kuwa kijana amefariki. Hawakujua. Nikauliza kama wana desturi ya kumfuatilia anayetoka. Mkubwa wao akanijibu kwa upole kabisa: "Sheikh, sisi kwetu alimaliza vizuri. Ya nje ni mitihani ya Allah." Na miezi kadhaa baadaye picha yake, na kanzu yake nyeupe, ilikuwa bado inazungushwa kuombea mchango. Maiti niliyemwosha kwa mikono yangu, kwenye hesabu zao alikuwa miongoni mwa waliopona.

ALIUAWA NA KITU KINACHOJULIKANA

Ndugu yangu, ukinisoma leo usishike kitu kingine, shika hili. Mtu aliyekuwa akitumia unga kila siku, mwili wake huuzoea. Akikaa wiki kadhaa bila kuutumia, mwili hupoteza mazoea yale. Akitoka siku moja akateleza, akatumia kiasi kilekile alichokuwa akitumia zamani, kiasi kile sasa ni sumu kwake. Pumzi hupungua, midomo hubadilika rangi, akasita kuvuta pumzi. Ndiyo maana siku za mwanzo baada ya kutoka soba hausi, au kutoka jela, ni siku za hatari kubwa kuliko nyingine. Hii si siri. Madaktari wanalijua na wanalifundisha. Ipo pia dawa inaitwa naloksoni, ambayo akiwahiwa nayo mtu aliyezidiwa na unga huweza kurudisha pumzi.

Yule kijana na mama yake hawakuambiwa hata neno moja katika haya. Walipewa cheti.

Sasa niambie, nyumba ambayo haimwambii mgonjwa jambo linaloweza kumuua wiki ile ile anayotoka, tuipime kwa lipi? Kwa usafi wa kanzu?

HESABU YA UDANGANYIFU

Tazama jinsi hesabu zinavyochezewa. Nitapiga mfano wa namba tu, si nyumba yoyote maalumu.

Tuseme wameingia vijana 40. Katika miezi mitatu, 22 wametoroka, wamefukuzwa au wazazi wameshindwa kulipa. Siku ya sherehe wamebaki 18, na wote 18 siku hiyo ni wazima. Mwenye nyumba anapanda jukwaani anasema: tumefaulu asilimia 100. Kwa macho hakusema uongo, 18 unawaona. Lakini wako wapi 22? Na baada ya mwaka mmoja ukiwatafuta wale 18, ukawakuta 7 tu wako salama, hesabu ya kweli ni 7 katika 40. Hiyo ndiyo karafuu ya chini ya gunia.

Ni sawa na ustadhi wa hifdhi anayejisifu kuwa wanafunzi wake wote wamefaulu, kumbe kila aliyekuwa mzito wa kuhifadhi alimrudisha kwao kabla ya mtihani. Sisi tuliosoma chuoni tunawajua maustadhi wa namna hiyo. Hatuwaiti walimu hodari.

Na simsemi anayesema wazi kuwa ni 7 katika 40. Wallahi huyo nitamchangia kabla ya yule wa asilimia 100, kwa sababu amewahesabu waliompotea, na mwenye kuwahesabu waliompotea ndiye atakayewatafuta.

"SHIFAA NI YA ALLAH, HESABU ZA NINI?"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila nikiuliza, na linatolewa kwa sauti ya uchaji ili anayeuliza aonekane mpungufu wa imani. Ndugu zangu, shifaa ni ya Allah Subhanahu wa Ta'ala, hakuna Muislamu anayebishana na hilo. Lakini riziki nayo ni ya Allah, mbona mizani ya dukani tunaipima? Mirathi imeteremshwa kwa mafungu, zaka ina nisabu, na Surat al-Mutaffifin imewatangazia maangamizi wanaopunja vipimo. Dini hii yetu inataka kipimo mpaka kwenye pishi ya tende, halafu kwenye roho ya mtu tuseme kipimo ni utovu wa tawakkul?

Ipo hadithi wameipokea Abu Dawud, an-Nasai na Ibn Majah, yenye maana kuwa anayejitia kutibu watu na hajulikani kwa ujuzi wa tiba, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyasababisha. Mdhamini, ndugu yangu! Hakuambiwa aseme "ni mitihani".

Na wazee wetu waliifanyia kazi maana hiyo. Mwaka 319 Hijria, sawa na mwaka 931, Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alifikiwa na habari kuwa mtu mmoja wa kawaida amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka apimwe na tabibu Sinan ibn Thabit, na waandishi wa historia ya tiba wamepokea kuwa waliopimwa walizidi 800. Kabla yake kidogo, Abu Bakr al-Razi aliandika kuwa katika ugonjwa wa homa ya ubongo aliwatoa damu wagonjwa wa kundi moja na makusudi akaliacha kundi jingine, ili aone kama kutoa damu kunasaidia au hakusaidii. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita! Mtu mmoja amekufa Baghdad, dola nzima ikawapima matabibu wake. Kwetu anakufa kijana, tunakula ubwabwa wa hitima, tunarudi kuchangia.

"AKIRUDIA NI KOSA LAKE"

Jibu la pili ni hili. Nyumba inasema: sisi tulimsafisha, akirudia ni nafsi yake.

Taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti uraibu inaeleza kuwa watu 40 hadi 60 katika kila 100 waliotibiwa hurudia wakati fulani, na kwamba hali hiyo haiko mbali na ya wagonjwa wa presha na pumu wanaorudiwa na maradhi yao. Je, umemwona daktari wa presha akimpa mgonjwa cheti cha kupona baada ya miezi mitatu, akamfungia mlango? Presha ikipanda tena hubadilisha dawa, huuliza amekula nini, humwita wiki ijayo. Taasisi hiyohiyo inasema tiba ya chini ya siku 90 kwa kawaida nguvu yake ni ndogo, na ya methadoni inataka angalau miezi 12. Sasa mpime mwenyewe yule anayetangaza redioni "siku 40 tu mtoto wako mpya".

Kwa hiyo sisemi nyumba nzuri ni ile ambayo hakuna anayerudia. Hiyo haipo duniani, na anayedai anayo anakuuzia karafuu mbichi. Nyumba nzuri inajulikana kwa inalolifanya siku kijana anaporudia: inajua au haijui? Inamfungulia mlango au inamtukana?

Katika Sahih al-Bukhari yumo mtu aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) mara kwa mara kwa sababu ya ulevi. Alipoadhibiwa, mmoja katika waliokuwepo akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza asimlaani, na akamshuhudilia yule mlevi kuwa anampenda Allah na Mtume wake. Sisi leo tukimwona kijana amerudia tunasema "huyo basi tena". Tumekuwa wakali kuliko aliyetumwa kuwa rehema?

MINYORORO SI TIBA

Na wapo wanaopima kwa utulivu. Kijana katulia, hapigi kelele, haibi, basi katibika. Mwezi wa Septemba 2019 polisi wa Kaduna, Nigeria, waliingia katika nyumba moja eneo la Rigasa iliyojiita ya mafunzo ya dini na kurekebisha tabia. Walikuta mamia ya wanaume na watoto, wengine wamefungwa minyororo miguuni, wana alama za kupigwa. Wengi walikuwa wamepelekwa na familia zao wenyewe, kwa nia njema, kama tunavyowapeleka sisi. Humo ndani pia walikuwa wametulia, bila shaka.

Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwafungia waraibu kwa nguvu vifungwe. Na Shirika la Afya Duniani pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya wametoa viwango vya tiba hii, toleo la 2020, vinavyotaka mgonjwa aridhie, heshima yake ilindwe, na tiba iwe iliyothibitika kufaa. Usiniambie hayo ni ya Wazungu. Mwanadamu kakirimiwa na Mola wake, hata akiwa na arosto.

TUNAYEMDHARAU NDIYE ANAYEHESABU

Sasa nije kwenye lile litakaloniletea matusi. Hapa Unguja, Kidongo Chekundu, wanatoa methadoni. Bara walianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na sasa mikoa mingine. Mgonjwa huja kila siku, hunywa mbele ya mhudumu, huandikwa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Nasi mimbarini tunasema: wanawabadilishia unga kwa unga.

Hukumu yake ya kifiqhi waulizwe wanazuoni wakiwa na daktari pembeni, si kwa maneno ya barazani. Ninachokisema ni kingine. Kule asipokuja mtu siku mbili, pana faili linaloonyesha kuwa hakuja. Hakuna sherehe, hakuna kanzu, hakuna video, kwa hiyo hatuoni kitu cha kutulizia nafsi zetu, tunapadharau. Pale pasipo na faili, penye kipaza sauti, ndipo tunapopeleka sadaka zetu. Hata methadoni nayo ipimwe: wangapi walianza, wangapi bado wanakuja baada ya mwaka, wangapi wamerudi kazini, wangapi wamepoteza nauli wakaacha. Lakini huyo walau ana daftari la kupimiwa.

Na sitaki kuwadhulumu watu. Tangu nyumba za soba zianze kuenea hapa kwetu, nyingi zimesimamishwa na vijana waliokuwa kwenye unga wenyewe, wakatoka, wakarudi kuwavuta wenzao. Humo wamo watu wakweli wanaolala njaa ili wagonjwa wale. Hao wanaumizwa na waongo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mwongo anasema 100 nao wanasema ukweli, na mchango unakwenda kwa mwongo. Kuzipima nyumba ni kuwatetea hao.

ULIZA HAYA KABLA YA KUTOA MTOTO AU SHILINGI

1. Mwaka uliopita waliingia wangapi? Si waliomaliza. Walioingia.

2. Wangapi waliondoka kabla ya muda, na kwa nini?

3. Mnawatafuta lini baada ya kutoka? Mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, mwaka? Tuonyesheni daftari, majina mkiyaziba.

4. Wangapi wamefariki, ndani au baada ya kutoka? Nyumba isiyoweza kulijibu hili haijui kazi yake.

5. Nani anamtazama mgonjwa siku za arosto? Kuna mganga wa hospitali au muuguzi anayefika? Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu vinapimwa, na mwenye navyo anaendelea na dawa zake akiwa ndani?

6. Kuna kufunga, kupiga au kunyima chakula? Mzazi anaweza kufika bila kutoa taarifa, akazungumza na mwanawe peke yao?

7. Siku ya kutoka, mgonjwa na mtu wa nyumbani kwao wanafundishwa nini kuhusu kuzidiwa na unga?

8. Akirudia, anapokewaje?

9. Wanawake je? Binti zetu wamo kwenye unga na tunawaficha. Kuna mahali pao salama, au tiba hii ni ya wanaume tu?

Akikujibu kwa namba, hata kama ni mbaya, kaa naye uzungumze. Akikujibu kwa video, inuka.

KWA MASHEIKH WENZANGU, NA KWANGU MIMI

Tumegeuza mimbari kuwa redio ya matangazo. Tunasimama kumdhamini mtu ambaye hatukuwahi kuingia jikoni kwake kuona wagonjwa wanakula nini. Ushahidi ni amana, nasi tunautoa kwa sababu tumeoneshwa machozi. Nimetubu kwa Mola wangu kwa nililolifanya, nimekwenda kwa yule mama nikamwomba radhi uso kwa uso. Alinisamehe. Sikustahiki.

Na nimenunua daftari la kurasa mia. Kila kijana wa mtaa wetu anayekwenda kwenye tiba yoyote, soba au methadoni, kwa ridhaa yake namwandika, na linakaa kwangu, halisomwi na mtu. Namtafuta mimi au mmoja wa wanakamati. Mpaka leo wamo 11. Wanne nawajua wako salama. Watatu walirudia, na katika hao wawili wamesharudi kwenye tiba. Wawili wamehama, sijui walipo. Mmoja yuko jela. Mmoja ana wiki mbili tu, mapema kusema. Hesabu hii si ya kujivunia wala haifai kuwekewa qasida. Lakini nikiulizwa na mama wa yeyote katika hao, sitasema kapona. Nitamwambia ninalolijua.

Kila msikiti ukiwa na daftari la namna hii, na kila mchangiaji akiuliza maswali yale tisa, ndani ya mwaka mmoja waongo watafunga wenyewe, maana hawatapata wa kuwachangia. Na Mamlaka zenye dhamana ya kukagua nyumba hizi, tunawaomba: mkizikagua, msihesabu vitanda na vyoo tu. Hesabuni watu. Muwatangazie wananchi mlichokikuta.

Ewe Mola wetu, wahurumie vijana wetu walio katika mtihani huu, waliofariki wasamehe, walio hai waponye. Wabariki wanaowatibu kwa ukweli. Utuepushe na kuwa mashahidi wa uongo juu ya mimbari zako. Na mama yule mpe subira na umkutanishe na mwanawe peponi. Amin.

Aliyesoma amfikishie mwenye mtoto kwenye tiba, na aliyeombwa mchango wiki hii. Wallahu a'lam.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.